Chuma nacho kinachoka: mabomba ya Ziwa Albert yatakaguliwa na nani?

Kila mara mazungumzo ya mafuta ya Ziwa Albert yanaporudi hapa Bunia, maswali ni yale yale. Kazi zitakuwa ngapi? Nani atazipata? Dola ngapi zitabaki Ituri, na ngapi zitapanda ndege kwenda Kinshasa? Ni maswali mazuri, na mwenye kuyauliza ana haki yake. Lakini kuna moja ambalo sijasikia mtu akiuliza, si kwa redio, si katika mikutano ya sosiete sivile, na mimi naona njo swali la kwanza: lile bomba la chuma litakalobeba mafuta litaishi miaka mingapi, na nani atakuwa analitazama wakati linazeeka?

Mtanijibu kwamba hilo ni swali la maenjenia. Mimi nasema ni swali la wachimbaji, kwa maana katika jimbo hili hakuna watu wanaoshika chuma kila siku kama ninyi. Mchimbaji wa Mongbwalu anajua baramini ipi imebakiza wiki moja. Anagonga, anasikiliza, anaweka pembeni. Mwenye motopompi anajua kwamba tiyo ya chuma haipasuki katikati, inapasuka pale ilipoungwa. Ujuzi huo hauko katika diploma, lakini ni ujuzi wa kweli, na kwa habari hii ya ziwa tutauhitaji.

Chukua kipande cha waya wa kufungia mifuko. Kivute kwa mikono miwili, na nguvu zako zote: hakikatiki. Sasa kikunje, kikunjue, kikunje tena pale pale. Mara kumi, mara ishirini, na kimekatika katikati ya vidole vyako bila wewe kutoa jasho. Hukutumia nguvu kubwa. Ulirudia tu nguvu ndogo mara nyingi. Hiyo njo inaitwa kuchoka kwa chuma. Kila mkunjo unaacha alama ndogo sana ndani, ambayo jicho halioni. Alama inakuwa ufa. Ufa unatembea kidogo kidogo. Halafu siku moja chuma kilichobaki hakitoshi kubeba mzigo, na kinakatika kwa ghafla. Watu wanasema, «jana kilikuwa kizima». Hakikuwa kizima. Kilikuwa kinakatika tangu zamani.

Na mjue kwamba jambo hili wa kwanza kulipima vizuri walikuwa watu wa migodi, mbele ya watu wa ndege na watu wa meli. Huko Ujerumani, katika milima ya Harz, kulikuwa na msimamizi mmoja wa migodi ya fedha aliyeitwa Wilhelm Albert. (Huyu ni Albert mwingine. Yule wa ziwa letu alikuwa mume wa malkia wa Uingereza, na jina lake liliwekwa pale na Samuel Baker mwaka 1864 bila kuwauliza wenyeji. Wakati wa Mobutu tukalibadilisha, kisha tukalirudisha.) Minyororo ya kupandishia mawe kutoka shimoni ilikuwa inakatika na kuua watu, ijapokuwa mzigo haukuzidi kipimo. Mwaka 1829 Albert akatengeneza mashine ya kupakia mnyororo mzigo na kuupakua, mara maelfu na maelfu, ili aone utakatika lini. Akaona kwamba shida haikuwa uzito wa siku ile. Shida ilikuwa hesabu ya mara zilizopita. Mwaka 1834 akaleta kamba ya nyuzi za chuma zilizosokotwa, kabla yenu, mababu wa zile kebo mnazoziona leo kwenye winchi. Uzi mmoja ukikatika, nyingine zinashika, na mtu anaona uzi uliokatika mbele ya kamba nzima kwenda.

Tukisema kuchoka peke yake, hatujamaliza. Kuna adui wa pili, kutu, na huyo kila mama wa nyumba anamjua kwa sufuria yake. Maji na hewa vikikutana juu ya chuma, chuma kinaanza kurudi kuwa udongo mwekundu kilikotoka. Katika maji ya bahari chuma kisichopakwa kitu kinaweza kupoteza kama sehemu moja ya kumi ya milimita kila mwaka. Ukisikia hivyo unacheka: bomba la milimita kumi na tano litakaa miaka mia na zaidi! Lakini kutu haili kwa usawa kama mtu anayelima shamba lake kwa mistari. Inachagua fasi moja, inatoboa pale, na inaacha pembeni pote pakiwa pazima. Fasi mbaya kuliko zote ni pale maji yanapopiga na kuondoka, panalowa na kukauka, panalowa na kukauka. Tazameni nguzo yoyote ya chuma iliyosimama kando ya maji huko Kasenyi: chini imebaki nene, juu imebaki nene, na katikati, pale wimbi linapolamba, imekuwa nyembamba.

Sasa weka maadui wawili pamoja, kwa maana hapo njo kuna siri ya mambo yote. Katika hewa kavu chuma kina kipimo chake cha uvumilivu. Ukikitikisa chini ya kipimo hicho, kinaweza kuvumilia mamilioni ya mitikisiko bila kupata ufa. Maenjenia wanapenda kipimo hicho, kinawapa usingizi. Lakini kiweke chuma kile kile katika maji ya chumvi bila kukikinga, na ukitikise. Kile kipimo kinapotea. Hakuna tena mtikisiko mdogo usiodhuru. Kutu inafungua mlango wa ufa, mtikisiko unauvuta, maji yanaingia ndani ya ufa na kula zaidi, mtikisiko unarudi. Bomba lililopigiwa hesabu ya kukaa miaka mingi linaweza kufa likiwa kijana, na mzigo wake haukuzidi hata siku moja. Kwa hiyo, kampuni ikija kutuambia «bomba letu ni nene, lina nguvu mara mbili ya inayotakiwa», tusipige makofi haraka. Nguvu ya siku ya kwanza si nguvu ya mwaka wa kumi na tano.

Kuna kisa kimoja ambacho ningependa kila mchimbaji akijue. Tarehe 27 Machi 1980, katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norwe, kulikuwa na jengo kubwa linaloelea, jina lake Alexander L. Kielland. Lilikuwa limesimama juu ya miguu mitano, na ndani walilala wafanyakazi wa visima vya mafuta. Siku ile walikuwamo watu 212. Jioni upepo ulivuma, mawimbi yalikuwa makubwa, lakini si makubwa ya ajabu kwa bahari ile. Jengo lilikuwa limeona mabaya zaidi. Bomba moja la chuma lililoshikilia mguu mmoja likakatika. Yale mengine matano ya mguu ule hayakuweza kubeba peke yao, yakafuata moja moja. Mguu ukaondoka, jengo likalala upande, na baada ya dakika kama ishirini likapinduka. Watu 123 walikufa. Wengi walikuwa ndani, wengine katika chumba cha sinema.

Wachunguzi walipolitazama bomba lile walikuta nini? Juu yake palikuwa pamechomelewa kipande kidogo cha kushikia chombo cha kusikiliza sauti chini ya maji. Kitu kidogo, sawa kikombe mbele ya nyumba. Hakikubeba mzigo wowote, kwa hiyo hakuna aliyekifikiria sana, na kuchomelewa kwake kulikuwa kubaya. Ufa ulianzia pale. Na ndani ya ufa walikuta rangi. Maana yake, siku jengo linapakwa rangi kiwandani kule Dunkirk, Ufaransa, ufa ulikuwa umekwisha kuwapo, na rangi ikaingia ndani. Ulikaa pale tangu 1976, bahari ikiufungua kidogo kila wimbi. Rangi nzuri juu, mauti chini yake. Norwe ilibadilisha sheria zake za usalama wa baharini baada ya msiba ule.

Mtasema: bahari ya Norwe na sisi wapi na wapi? Haya, twende ziwani.

Ng'ambo ya pili, upande wa Uganda, mafuta yalithibitishwa mwaka 2006. Tarehe 1 Februari 2022 TotalEnergies na CNOOC ya China walitangaza uamuzi wao wa mwisho wa kuweka pesa. CNOOC inasimamia Kingfisher, pale Buhuka, kando kabisa ya maji. Visima vyenyewe havikusimama ndani ya ziwa. Vinachimbwa kutoka pwani, vinashuka, kisha vinapinda na kwenda chini ya sakafu ya ziwa. Hilo ni jambo jema, nalisema waziwazi, kwa maana linatuondolea mnara unaotikiswa na mawimbi. Lakini maji ya ziwa yanavutwa kwa bomba, yanasafishwa, yanasukumwa chini ya ardhi ili kuyapandisha mafuta. Halafu mafuta yanapita katika bomba la kilomita 46 kufika Kabaale, karibu na Hoima, na kutoka pale yanaingia katika bomba kubwa la kilomita 1,443 hadi Chongoleani, Tanga, kwenye Bahari ya Hindi.

Mafuta haya yana tabia moja: yana nta nyingi. Yakipoa yanaganda sawa mafuta ya mawese asubuhi ya baridi. Kwa hiyo lile bomba kubwa linapashwa moto, lisishuke chini ya digri 50 hivi. Sasa fikiria kidogo. Chuma kikipata moto kinarefuka. Kilomita moja ya bomba ikipashwa digri 25 zaidi inataka kurefuka sentimita 30. Lakini bomba limefukiwa, udongo umelishika, haliwezi kwenda popote, kwa hiyo linajibana lenyewe kwa nguvu. Ukilizima linapoa na kujivuta. Ukiliwasha linajibana tena. Ni ule waya katika vidole vyetu, isipokuwa ni waya wa inchi 24. Maenjenia wanajua hayo na wanayapigia hesabu. Swali langu liko kwa hesabu ya mara: nani anaandika ni mara ngapi limezimwa na kuwashwa, na nani mwingine anasoma daftari hilo? Na bonde letu la ufa lenyewe linatikisika. Mwaka 1966 tetemeko la Toro liliua watu upande wa Uganda na upande wetu pia.

Tena kutu ya ndani ni mbaya kuliko ya nje, sababu haionekani. Mafuta hayatoki peke yake kisimani. Yanakuja na maji, na chumvi, na gesi, na mchanga. Maji ni mazito, yanatulia chini ya bomba, hasa pale linaposhuka bondeni. Humo vidudu vidogo vinazaa na kutoa asidi. Huko Alaska, Marekani, mwezi wa Machi 2006, bomba la kampuni ya BP lilipata tundu dogo, hata kidole cha mtoto hakipiti. Kupitia tundu hilo zilitoka lita karibu 800,000 za mafuta juu ya theluji. Na unajua ni nani aligundua? Si kompyuta ya kuonya. Ni mfanyakazi mmoja aliyekuwa anapita kwa gari akasikia harufu. Mafuta yalikuwa yamevuja siku kadhaa. Bomba lile halikuwa limepitishiwa chombo cha kupima unene wa chuma kutoka ndani tangu 1998. Chombo hicho wazungu wanakiita nguruwe, sijui kwa nini nguruwe. Kinaingizwa upande mmoja, kinasukumwa na mafuta yenyewe, na kinatokea upande wa pili kikiwa kimeandika kila fasi iliyoliwa. Miaka minane bila nguruwe, katika nchi yenye mashine zote na mahakama zote. BP ilikiri kosa na kulipa dola milioni 20.

Kisa hicho kinanirudisha Tchomia. Kama Alaska pua ya mtu iliishinda kompyuta, basi wavuvi wetu, ambao wako juu ya maji usiku kucha, ni vyombo vya ukaguzi ambavyo hakuna aliyevilipia. Mvuvi wa Tchomia anajua rangi ya ziwa kwa kila mwezi. Lakini akiona mafuta yanaelea leo, ampigie nani? Ofisi ipi? Kwa lugha ipi? Mtu wa upande wetu akiripoti jambo la upande ule, anaogopa kuulizwa alikuwa anavua wapi. Tunakumbuka mwaka 2007, pale Rukwanzi, mpaka wa maji ulivyoleta risasi. Baada ya hapo, Septemba ya mwaka ule ule, Marais Kabila na Museveni walitia sahihi mkataba wa Ngurdoto, karibu na Arusha, juu ya mpaka na juu ya kushirikiana kwa mafuta. Mkataba ule upo. Viongozi wetu wanaweza kuutumia kuomba kitu kimoja kidogo: kila ripoti ya nguruwe, kila kipimo cha unene wa bomba la karibu na ziwa, kipatikane pia upande huu. Samaki hana pasipoti, na maji nayo hayana.

Upande wetu mambo yamelala, lakini hayajafa. Mwaka 2010 bloki 1 na 2 za graben zilipewa kampuni ambazo hakuna aliyezijua hapa. Mwaka 2022 bloki zikarudi mikononi mwa serikali, na mwezi wa Julai mwaka ule Kinshasa ikaweka bloki 27 za mafuta sokoni, nyingine zikiwa huku kwetu. Oktoba 2024 mnada huo ukafutwa. Wengine walihuzunika. Mimi naona ni nafasi. Karatasi ikiwa bado haijaandikwa, ndipo mtu anaweza kuweka mstari wake. Sheria ya hidrokaboni ya 1 Agosti 2015 inataka uchunguzi wa mazingira mbele ya kazi kuanza. Sawa. Lakini uchunguzi wa mbele ni picha ya harusi, bibi na bwana wote wazuri. Tunataka picha ya kila mwaka.

Na tusiende mbali kutafuta mfano. Huko Muanda, nchi yetu hii hii, mafuta yanatolewa baharini tangu miaka ya 1970. Vyuma vya Muanda vimeoga chumvi ya Atlantiki kwa miaka karibu hamsini. Wavuvi na wakulima wa kule wamelalamika miaka mingi juu ya uchafu, na mwaka 2022 mashirika mawili ya Ufaransa yaliipeleka kampuni ya Perenco mbele ya mahakama ya Paris juu ya hayo, kampuni inakataa. Mahakama iseme yake. Mimi ninachoona ni hiki: mtu wa Muanda, ili ajue bomba lililo mbele ya mlango wake liko namna gani, anahitaji avoka wa Paris. Nisingependa mtu wa Kasenyi aishie hapo.

Kuna wanaodhani bomba jipya haliwezi kuleta shida mbele ya miaka ishirini. Waende Kashagan, katika Bahari ya Kaspi, ambayo nayo ni maji yaliyofungwa na nchi kavu pande zote, sawa ziwa. Kampuni kubwa za dunia zilitumia mabilioni ya dola pale. Mafuta yalianza kutoka Septemba 2013. Baada ya wiki mbili gesi ikavuja. Wakatengeneza, wakawasha, ikavuja tena. Gesi ya pale ina salfa nyingi, ile yenye harufu ya yai bovu, na ilikuwa imekutana na chuma kilichokuwa kigumu mno penye kuunganishwa. Chuma kigumu mno, kikiguswa na gesi hiyo huku kimevutwa, kinapasuka kama kioo. Walilazimika kubadilisha mabomba, karibu kilomita 200. Kazi ilirudi mwaka 2016. Miaka mitatu, na walikuwa na maenjenia wa kila taifa. Si kwamba walikuwa wajinga. Ni kwamba chuma hakisomi mkataba.

Sasa niseme na ninyi wa mashimo na wa mito, kwa maana siwezi kuzungumza ya CNOOC na kunyamaza juu ya yetu.

Mabomba mengi yanayouzwa kwenye masoko ya machimbo ni vyuma vya zamani, vilivyokatwa mahali fulani, vikapigwa brashi na kupakwa rangi mpya. Nimeona moja ambalo rangi njo ilikuwa inalishikilia; ukibonyeza kwa bisibisi inaingia. Kwa tiyo ya maji hasara ni siku moja ya kazi. Lakini kwa tangi la kompreseri hasara ni watu. Tangi linapojazwa hewa, hewa inakuja na unyevu, unyevu unakuwa maji, maji yanakaa chini. Kama hayatolewi kila jioni kwa kile kibomba kidogo cha chini, yanakula tangi kutoka ndani, na nje rangi inabaki inang'aa. Na kila mara tangi linapojaa na kuisha ni mkunjo mmoja wa waya. Mara ngapi kwa siku? Piga hesabu ya mwaka. Kifuniko cha tangi chenye upana wa sentimita 40, kwa presio ya bari 8, kinasukumwa kwa nguvu ya tani kumi. Lori lililojaa. Na pembeni yake kijana ameketi anakula mihogo.

Wale wanaopiga mbizi chini ya draga kwenye Mto Ituri, maisha yao yako mwishoni mwa tiyo inayotoka katika tangi kama hilo. PDG anayewatuma chini na hajui tangi lake lilinunuliwa lini, anacheza na watoto wa watu. Na fundi anayeziba tundu la tangi kwa kuchomelea kiraka juu yake, amefanya kile kile cha Kielland: ameweka fasi ngumu pembeni ya fasi nyembamba, na ufa umepata mlango. Tangi lililoliwa halizibwi, linatupwa. Lile linalodhaniwa zima linapimwa kwa maji: unalijaza maji mpaka hewa yote iishe, unalisukuma kwa pampu ya mkono kupita kidogo presio ya kazi, unatazama. Kwa nini maji? Sababu likipasuka na maji, linamwaga tu. Likipasuka na hewa, ni bomu. Kazi hiyo ni ya nusu siku. Koperative za wachimbaji zinaweza kununua pampu moja na kuzungusha kwenye machimbo yote ya kundi lao. Naambiwa hakuna pesa. Pesa ya kununua tangi la pili ilikuwapo.

Mtu akisema kwamba usalama wetu wenyewe hauruhusu ukaguzi, barabara zimefungwa, wakaguzi wanaogopa, hilo nalielewa. Ituri iliwekwa chini ya etat de sieje tangu Mei 2021 na kila msomaji anajua yaliyofuata. Lakini ndiyo sababu ya kutilia mkazo. Barabara ikifungwa miezi sita, kutu haikufunga. Kampuni itakayokuja kuchimba mafuta huku lazima iseme kwa maandishi: wakaguzi wakishindwa kufika kwa muda fulani, bomba linazimwa. Si «tutaona». Linazimwa. Wachimbaji mnajua ile karatasi ya cahier des charges ambayo kampuni za dhahabu zinatia sahihi na wenyeji: shule moja, zahanati moja, daraja. Kwa mafuta naomba tuongeze vitu vitatu ambavyo havina kibao cha kuzindua. Ripoti ya unene wa bomba kila mwaka, ibandikwe kwenye ofisi ya shefferi kwa Kiswahili, na namba zake. Mkaguzi asiyelipwa na kampuni moja kwa moja. Na pesa za kuondoa vyuma siku mafuta yakiisha, ziwekwe benki tangu mwanzo, sababu tumeona vyuma vya Kilo-Moto: Wabelgiji waliondoka, vyuma vikabaki vinakula udongo wetu na udongo unavila.

Kuna pia zile sanduku za zinki au aluminiamu zinazofungwa juu ya mabomba yaliyo ndani ya maji, ili kutu ile zinki na kuacha chuma, kama mtu anayemrushia mbwa mfupa ili apite. Zinaisha, zinahitaji kubadilishwa. Tunajua nchi yetu: zinki ya namna hiyo ikiachwa bila mlinzi itauzwa sokoni kwa kilo. Afadhali kijana wa kijiji kile kile apewe kazi ya kuzihesabu, na mshahara unaozidi bei ya zinki.

Na kazi hizo za kuhesabu, kupima, kuchomelea, njo kazi ambazo watoto wa wachimbaji wanaweza kuzipata, si zile za kufyeka nyasi tu. Uganda haikungoja. Tangu 2009 ina chuo chake cha mafuta pale Kigumba, kinafundisha vijana kuchomelea mabomba na kupata vyeti vinavyotambulika nje. Mtu anayechomelea bomba la mafuta hapewi kazi kwa sababu ya mjomba. Anachomelea kipande mbele ya mkaguzi, kipande kinapigwa picha ya eksirei, ufa ukionekana anarudi nyumbani. Kutoka Mahagi unapita Goli, Nebbi, Pakwach, Karuma, na umefika Kigumba. Si mbali kama Kinshasa. Serikali ya jimbo, pamoja na Chuo Kikuu cha Bunia na koperative zenye pesa, wangeanza na vijana kumi tu mwaka huu. Kiingereza watajifunza njiani, kama wafanyabiashara wetu walivyojifunza. Kugonga chuma na kusikiliza wanajua tayari.